Kazi Ng'ambo ya Bonde

Hebu fumba macho, uone bonde limejaa ukungu mweupe. Kila alfajiri Mnana, ndege fundi wa kusuka, alilivuka kwenda kuchimba mashimo kwa Nguchiro. Aliporudi, makinda wake walikuwa wamelala. Sauti yake walianza kuisahau.

Asubuhi moja ukungu ulipasuka, akamwona Fuko akihema njiani.

"Waenda wapi, bwana mchimbaji?"

"Kusuka vikapu kwa Kanga. Mtama wote unamwagika, ananicheka."

"Kanga ni jirani yangu! Mimi namchimbia Nguchiro, kwa mdomo huu."

"Nguchiro? Shimo langu limepakana na lake."

Wakacheka, kila mmoja akarudi kwao kuomba kazi ya mwenzake. Jioni ile makinda walisinzia wakisikiliza wimbo wa baba yao.

Mwanangu, kumbuka jambo moja tu: kabla hujavuka bonde, muulize jirani anahitaji nini.