Dera la Njano

Tunu alikuwa akishona madera na kuyauza mtandaoni kutoka chumbani kwake Tanga, na siku hizi alilala usingizi mnono. Zamani matapeli walimliza sana, wakinunua kwa akaunti za watu wengine. Sasa kila duka, hata dogo kama lake, lilikuwa na Mlinzi, programu ya kompyuta iliyojua tabia za wanunuzi wote, na hakuna aliyeruhusiwa kununua kitu kisichofanana naye.

Asubuhi moja ikaingia oda kwa jina la Bi Mwanakheri, mama yake mzazi. Tangu afiwe na mumewe, Bi Mwanakheri alinunua madera ya kahawia tu, tena kwa pesa yake, hakutaka ya bure kutoka kwa binti yake. Oda hii ilikuwa ya dera la njano, lenye shanga kifuani.

"Huyu siye," Mlinzi akasema. "Nimzuie?"

"Mzuie haraka!" Tunu akajibu, kisha akampigia mama yake Pangani.

"Shikamoo, mama. Leo nimekuokoa! Kuna mwizi katumia jina lako, eti anataka dera la njano, la mashanga!"



"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Mwizi huyo anajua kuchagua."

Tunu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Basi niletee la kahawia," mama akasema.

Mlinzi akaruhusu papo hapo. Tunu akalipiga pasi, akalifukiza udi, akalifunga huku akiimba: la kahawia, kama mama yake apendavyo siku zote.