Mgawo wa Memori

Mbwa alichomoza kwenye kioo cha laptop, na Mwanakombo akaruka kutoka kwenye benchi.

Haya aliniambia mwenyewe, Mwanakombo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Tunduma, mwaka ule wa 2012, tukichambua maharage uani. Hasira zilikuwa mbichi bado. Alitupa maharage mazima, akabakiza mawe.

"Toa hicho kitu!" alimfokea fundi Abrahamu. "Nimetoka kutawadha, wewe unaniletea mbwa?"

"Ni alama tu, mama. Linux hii, mfumo wa kuendeshea kompyuta, inaitwa Puppy, maana yake mtoto wa mbwa. Ndiyo nyepesi kuliko zote."

"Mtoto wa mbwa! Na mwenzangu umemwekea nini, simba?"

Mwenzake ni Raudha, mke mdogo wa mumewe Othmani mwenye malori. Laptop ilikuwa moja, nayo ilikwenda kwa zamu: alipolala bwana, ndipo ilipolala. Akivuka mpaka na mizigo ya Zambia, huvuka nayo. Mwanakombo aliandika humo mauzo ya duka lake la vipuri, Raudha mauzo ya vitenge vyake. Siku moja mauzo ya Mwanakombo yakafutika yote. Raudha akaapa hakugusa. Wakatupiana maneno mpaka sisi majirani tukafunga madirisha.

Othmani akaipeleka laptop kwa Abrahamu: atengeneze kompyuta ndani ya kompyuta, kila mtu na yake, na neno lake la siri, na zote zilingane. Kuchagua akaja Mwanakombo mwenyewe. Yeye alianza na Othmani wakiwa na tela bovu la kukodi. Hakuwa tayari kupunjwa na mtoto wa jana.

Programu ya kubeba hizo kompyuta za ndani haikuwagombanisha. Moja ilikuwa ya kulipia, nyingine, VirtualBox, ya bure, na ya bure ilitosha. Ugomvi ulikuwa kwenye Linux. Mwanakombo aliitaka Lubuntu, yenye alama ya ndege na rangi ya bluu ya kupendeza.

"Lubuntu inakula memori, mama. Mkiwa nayo wote na hamzimi, laptop itakoroma."

"Laptop ya memori gigi mbili ikorome? Mwanangu yuko chuo, nimempigia, kasema Lubuntu inakaa vizuri na nafasi inabaki. Memori yangu umempa nani?"

Abrahamu akakuna kichwa. "Sijampunja mtu. Bosi alisema sawasawa, nami nimekata sawasawa."

"Bosi alisema! Na bosi alinong'onezwa na nani kabla hajasema?"

Fundi akafungua mdomo ajibu, pazia la kibanda likavutwa. Raudha huyo, mtandio begani, anahema. Alikuwa amesikia kuwa bi mkubwa yuko kwa fundi.

"Nilijua tu! Umekuja kunipunja, dada."

"Mimi? Mwizi wa memori ni wewe, mtoto mzuri. Dhahabu ya machimbo ya Saza umevishwa, haikutoshi. Sasa hata akili ya mashine unaitaka yote!"

"Dhahabu ipi? Hii?" Raudha alichomoa pete, akaibamiza mezani. "Shaba, dada! Imenichubua kidole. Mimi nilidhani ya kweli umepewa wewe."

Mwanakombo aliitazama ile pete, na hasira zake zikakosa pa kutua. Akamgeukia fundi. "Fungua. Tuone nani kapewa nini."

Abrahamu akawageuzia kioo. Mwanakombo, sehemu yake. Raudha, sehemu ile ile, hata punje haikuzidi. Chini yao ilikuwapo ya tatu, imelingana na zao.

"Hii ni ya Othmani?" Raudha aliuliza.

"Bosi hatumii, anasema macho yanamuuma." Abrahamu alitabasamu, hana baya. Kwao Itaka wake wa mtu mmoja hulima mashamba yanayopakana, na jembe huazimana. "Hiyo ni ya mama mdogo wa Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka. Yeye mbona mbwa kampenda?"

Usiku ule Othmani aligonga kwa bi mdogo, kimya. Akagonga kwa bi mkubwa, kimya. Wote wawili walikuwa humo, wamekomea kwa ndani, wamelala kitanda kimoja. Na mpaka ulishafungwa. Akapanda kwenye lori, akajikunja nyuma ya usukani, akatukana peke yake mpaka usingizi ukamchukua.