Dada ya Kambere

"Baba yetu alikufa na nini?"

"Na homa," Mama Kahindo alijibu, mikono ikichambua maharagi.

"Mama yetu?"

"Angali muzima. Iko Butembo, kwa Paluku."

"Paluku ni nani?"

"Kaka yetu mukubwa. Anauza mbao."

Kambere akatikisa kichwa kwamba sawa. Walikuwa ndugu tangu jana mchana. Mama Kahindo alimkuta kwenye foleni ya maji, akiongea Kinande, lugha ya watu wa Butembo, na mwanamke mmoja, nguo zake zote ndani ya mfuko wa mchele. Alimsikiliza kidogo, kisha akamwambia, "Papa, beba mfuko wako, twende nyumbani."

Amri mpya ilikuwa imesomwa sokoni, kisha ikarudiwa kanisani kwa wale waliojifanya hawakusikia. Mutu aliyekimbia vita anaruhusiwa kubaki mutaani Mabanga kama ana ndugu wa damu. Asiye na ndugu atapandishwa lori mpaka kambini, upande wa Munigi, akalindwe vizuri. Na mwenye nyumba atakayedanganya atapanda lori hilo hilo, akalindwe pamoja naye.

Kambere alikuwa amekwisha kulindwa huko. Alilindwa chini ya turubai moja na jamaa nyingine mbili, na mke wake alikufa kwa kipindupindu akiwa analindwa. Hakutaka kurudi. Alisema hivyo mara moja tu, usoni hakuna kitu, na Mama Kahindo hakumuuliza tena.

Maharagi yalikuwa bado hayajachemka shefu wa avenue, kiongozi wa njia yao, alipoingia uani. Huyo Muzee Hilaire hakuwa mutu mubaya. Alipenda tu kila kitu kikae mahali pake, na kwake watu pia walikuwa vitu. Habari ya mugeni alipewa na jirani Apolline, ambaye asubuhi hiyo alikuwa akifagia kandokando ya ua wa Mama Kahindo, mahali ambapo hajawahi kufagia maishani mwake.

Shefu alisalimia kwa Kinande. Mama Kahindo akashika shavu lake na kuonyesha jino.

Jino hilo lilikuwa maarufu mutaani. Liliuma kwenye matanga, liliuma kwenye harusi, na hakuna muganga aliyewahi kuliona.

"Pole, mama," shefu alisema, akamgeukia Kambere.

Kambere alijibu kwa Kinande, kirefu, na heshima zake zote. Walizunguka Butembo nzima kwa maneno: vilima, soko, padri mmoja mkali wa zamani ambaye wote wawili walikula fimbo zake. Shefu alicheka mpaka akafuta macho. Mama Kahindo alipuliza moto, akaanza kupumua kama watu wengine.

Kisha shefu akarudi kwa Kiswahili.

"Kambere, huyu dada yako, yeye anakufuata, ao ni weye unamufuata?"

"Ananifuata, muzee. Paluku, mimi, kisha yeye."

"Aa. Mama Kahindo, siku ya matanga ya bwana yako, mbele ya watu wote, ulisema weye ni kifungua mimba ya mama yako. Mimi nilikuwa pale, nilikaa karibu na sufuria. Sasa kaka wawili wametoka wapi?"

Ufagio wa Apolline ukasimama.

Mama Kahindo alitoa mkono shavuni. Alisahau hata jino lilikuwa upande gani. Aliogopa sana, na aliogopa zaidi kwa kuwa alikumbuka vizuri: ni kweli alisema hivyo, alisema akilia, na mutu anayelia hachagui maneno.

Kambere akaanza kucheka. Alicheka polepole, kama mutu anayekumbuka ya nyumbani.

"Muzee, hiyo kesi ni ya zamani. Tulikuwa tunamukasirisha: weye ni wa tatu, weye ni wa tatu, weye utakula nyuma yetu. Analia mpaka usiku. Mama akachoka, akasema, basi, huyu ni wa kwanza kwa wasichana, mumuache. Tangu siku ile anakuwa wa kwanza. Umutoe pale kama uko na nguvu. Sisi tulishindwa."

Shefu alimtazama Mama Kahindo. Alimtazama tena Kambere. Halafu akacheka, kwa sababu yeye pia alikuwa na dada.

"Bon. Kesho upite ofisini, wakuandike kwa nyumba ya dada yako." Akasimama, akapandisha suruali. "Na weye Mama Apolline, ile vumbi yote unaipeleka wapi?"

Akaenda. Apolline naye akaenda, bila kuaga.

Mama Kahindo alikaa chini.

"Unisamehe, papa," alisema. "Nilikuwa karibu kukurudisha Munigi. Ile neno ya matanga nilikuwa nimeisahau."

Kambere alisukuma kuni ndani, akafunika sufuria vizuri.

"Muzee hakuwa anauliza juu yangu, mama. Kwetu, Kahindo ni musichana anayezaliwa nyuma ya wavulana. Kahindo kifungua mimba hayuko, na Kahindo anayeumwa jino kila akisikia Kinande hayuko. Hii jina uliitoa wapi?"

Mama Kahindo aliangalia kwanza kandokando ya ua, pale Apolline alipokuwa akifagia.

"Kwa carte ya kitambulisho ya mwanamke tuliyekimbia naye kutoka Masisi, wakati wa vita ya zamani. Yeye hakufika."

"Na yako?"

"Annonciata," alisema, na ikabidi alirudie, kwa sababu mdomo ulikuwa haujalitamka tangu Masisi.