Sukari ya Tijana

Tijana alijifungia bafuni akajichoma kidole. Sebuleni wageni wa sikukuu ya ukoo walikuwa bado wanakula vitafunio vitamu vya baklava. Yeye, kwa kumwonea haya mama mkwe, alikuwa amekula vipande viwili vilivyochuruzika shira.

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Aliingoja miaka sita kwa sababu ya vivimbe kwenye ovari zake, na daktari alishamwonya kwamba wenye maradhi hayo hupandwa na sukari kwa urahisi wakibeba mimba. Katika nyumba hii hakumwambia mtu, wasije wakasema kijana wao ameoa mgonjwa.

Kimashine cha kupimia sukari kikaonyesha kumi na mbili nukta moja, juu mno kwa mjamzito.

"We Tijana, umelala humo?" Mama mkwe aligonga. "Kahawa inapoa. Hebu fungua!"

Alifungua. Mama mkwe akaliona tone la damu, limetuna kwenye ncha ya kidole kama punje ya komamanga. Kisha akakiona kimashine.

"Ni sukari?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Mama mkwe akaurudisha mlango, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea.

"Wangu wa kwanza alizaliwa na kilo tano na robo," alisema. "Watu wakanipongeza kwa kuzaa bonge la mtoto. Aliishi siku moja; kumbe nilikuwa na sukari. Hata mumeo hajui kwamba alikuwa na kaka."

Akakipangusa kidole cha Tijana kwa aproni yake.

"Vaa koti, mwanangu, twende hospitali. Wageni watajipakulia wenyewe."