Msalaba wa Cherehani

Wamaitha aliukuta msalaba wa kaburi la mama yake umelazwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu, mtaani Kaptembwo. Uliundwa kwa miguu ya cherehani ya marehemu, na katikati fundi aliweka kanyagio lililolainishwa na wayo wa mama kwa miaka thelathini.

"Mmemkanyaga mama kifuani mkiung'oa!" Wamaitha aliwafokea mnunuzi na vibarua wake.

"Pole, mathe, lakini chuma ni chuma," mnunuzi alisema. "Kwani maiti bado anashona?"

Vibarua wakaangua kicheko.

Wamaitha akavua viatu. Akapanda mizani, akaweka wayo wake mtupu palepale palipolainishwa na wa mama yake. Mshale ukaruka.

"Haya, pima," akasema. "Chuma pamoja na mwenyewe. Mimi hapa sishuki."