Uzi wa Udongo

Tangu sheria ipige marufuku kugusa ardhi kwa mikono, wahandisi wa barabara wa manispaa husoma udongo kwenye skrini. Zamani niliwafundisha kwa viganja: lowesha, sokota mpaka uwe uzi, usipokatika, huo ni udongo wa mfinyanzi, mvua ikinyesha utavimba na kupasua kila kilicho juu yake.

Leo nikikanda chapati, kwa hamu tu ya siku zile, nilijikuta nasokota donge la unga.

"Mama, nawe!" akacheka binti yangu Nakunda, mhandisi wa mtaa wetu. Kisha akatandaza kiganja. "Hebu nionyeshe."

Uzi wake ulikatika mara mbili, mara ya tatu ukashika. Akaacha kucheka. Akautazama ufa wa ukutani, ambao mwezi jana haukuwa umefika dirishani.

"Mama, udongo wa hapa ulikuwa unakatika?"

"Haukuwahi kukatika, mwanangu."