Sombe ya Wivine

Kitu cha kwanza alichokiona Wivine kilikuwa unga mweupe pembeni mwa mdomo wa mume wake. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Léonard alitafuna vidonge viwili vya aspirini, kisha akatoka mtaani Katuba kwenda kwa Mzungu wake mjini, kusimama jikoni kwake mpaka jioni. Mgongo ulimuuma.

Wivine hakuuliza. Tangu utoto maneno yalimwishia kooni.

Mwezi wa tatu wa ndoa, tumbo la Léonard likaanza kuwaka moto. Choo chake kikawa cheusi kama makaa. Mama yake, Mama Agnès, aliyekuja kila Jumapili kutoka kambi ya reli na kukuta vyungu vya sombe, majani ya muhogo, vimeshafunikwa, alimjua mkosaji mara moja.

"Mutoto yangu alikuwa muzima! Wewe, muke, unatiaka nini mu ile sombe?"

Wivine akainamisha kichwa.

"Mafuta ya mawese kidogo na kitunguu, mama," Léonard akajibu haraka. "Pilipili hapana."

"Sikuuliza wewe! Yeye hapana na ulimi?"

Jumapili iliyofuata alikuja na hukumu: Wivine arudishwe kwa baba yake, mjini Kamina, kwa treni ya siku hiyohiyo. Alimleta pia kaka yake mwenyewe, Adrien, muuguzi wa dispansari, awe shahidi. Sanduku la Wivine likawekwa mlangoni.



Wivine akaingia chumbani. Alitoka na vikopo vitatu vitupu vya aspirini, akaviweka kwenye mapaja ya Adrien.

Adrien akavigeuza mkononi. "Unamezaka ngapi, mwipwa?"

"Sita kwa siku, mjomba. Juu ya mugongo."

"Na unakulaka saa ngapi?"

"Mangaribi tu."

"Mu tumbo ya bure! Basi hii dawa njo inakutoboa, hapana sombe. Unawacha leo. Kesho asubuhi tunaenda kwa munganga wa hospitali."

Mama Agnès, kwa kukosa la kufanya na aibu yake, akafunua chungu, akachovya kidole, akalamba. Akalamba tena. Halafu akalirudisha sanduku chumbani kwa mikono yake mwenyewe, akaja kumkumbatia Wivine.

"Unisamehe, binti yangu. Sombe ya namna hii hata mama yangu hakuipikaka. Kuanzia leo, mwenye kukutukana ananitukana mie!"

Nyuma yake Léonard alikuwa akimtikisia mke wake kichwa, macho yamemtoka, kidole kwenye midomo.

Wivine akajitoa mikononi mwa mama mkwe wake.

"Mama," akasema, "mie sijue kupika. Tangu ndoa, tunafungaka mulango, na mutoto yenu anapika."